Kumzika mzee kihambani kwa pesa iliyopo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeulizwa kwenye mabenchi ya misiba, jikoni kwenye mafiga, na mara nyingine kwa simu saa nane za usiku. Nimekuwa mweka hazina wa misiba ya ukoo na ya mtaani kwa miaka mingi hapa Dar es Salaam, na mingi kati ya misiba hiyo iliishia Kilimanjaro, kaburi likiwa kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la ukoo. Kwa hiyo mifano yangu ni ya huko. Mtu wa Bukoba, Tukuyu au Songea atabadilisha majina ya vyakula na vinywaji, lakini hesabu atazitambua.

Amefariki usiku huu. Tuanze na nini?

Mwili ukishahifadhiwa, watu watatu au wanne wazito wa familia wakae pembeni kabla turubai halijafungwa. Wajibu mambo matatu: anazikwa wapi, anazikwa lini, nani anashika pesa. Mengine yote yanasubiri asubuhi.

Mkiliacha hili, kila anayefika atapanga lake. Shemeji ataagiza spika, binamu ataagiza viti mia mbili, mama mdogo atampigia mpishi anayemfahamu. Wote wana nia njema, na bili zote zitakuja kugonga kwa mjane wiki ya pili yake.

Makaratasi gani yanahitajika?

Akifia hospitali, msiondoke bila kibali cha mazishi. Akifia nyumbani, taarifa ianzie kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa, au kwa mtendaji kama ni kijijini. Kifo cha ghafla au cha ajali kipitie polisi, hata kama mzee mmoja pale anasema mnajisumbua. Mwili ukisafiri kwenda mkoa mwingine, karatasi zisafiri na gari la mwili, mkononi mwa mtu mzima asiye na usingizi. Msiziweke kwenye begi la mtu aliyepanda basi. Nimeona gari limesimamishwa kizuizini huku karatasi ziko nyuma kilomita sitini kwenye Kosta iliyopata pancha.

Cheti cha kifo ni jambo jingine, na kinatoka RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Sheria inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30. Watu wengi huzika, hurudi kazini, kisha hukumbuka baada ya miaka miwili benki inapokataa kutoa pesa. Mpeni kazi hiyo kijana mmoja mwenye subira, siku hiyohiyo ya kikao cha kwanza.

Kamati iwe na watu wangapi?

Wachache. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na mtu mmoja mmoja wa chakula, usafiri, na jeneza na kaburi. Katibu aandike majina yao kwenye karatasi, karatasi ibandikwe mlangoni, na itangazwe kwamba asiyeandikwa pale haruhusiwi kukopa kitu dukani kwa jina la msiba.

Mfiwa mkuu asishike pesa. Mtu aliyefiwa na mama yake jana hawezi kukataa ombi la mtu yeyote. Mweka hazina mzuri ni ndugu wa kando kidogo, mkwe au jirani wa siku nyingi, mwenye sifa ya ubahili. Ubahili wake ambao kwenye harusi mliulalamikia, hapa utawasaidia.

Tutapangaje bajeti na hatujui michango itafika ngapi?

Kwenye msiba kuna pesa za aina tatu. Kuna taslimu, kuna ahadi, na kuna "nitakuja na kitu". Bajeti inapangwa kwa taslimu peke yake.

Tuseme familia ina milioni mbili mkononi na ahadi za milioni tatu. Msiba wenu ni wa milioni mbili. Katibu aorodheshe mahitaji kwa foleni: mochwari na dawa ya mwili, jeneza, gari la mwili, kaburi, chakula cha nyumbani, Kosta ya wafiwa. Chini ya hapo ndipo yakae maua, matarumbeta, mpiga picha, vipeperushi. Mstari unachorwa pale milioni mbili zinapoishia. Ahadi ikigeuka kuwa pesa, mstari unashuka hatua moja. Isipogeuka, hakuna aliyeahidiwa kitu.

Ubishi utatokea kwenye foleni yenyewe, na ni heri utokee mapema. Familia moja niliyoisaidia ilibishana saa nzima kama matarumbeta yako juu au chini ya Kosta ya pili. Mtoto wa mwisho akasema baba alikuwa mpiga tarumbeta wa usharika kwa miaka thelathini. Matarumbeta yakapanda juu. Watu wa Kosta ya pili wakapanda basi la kawaida kwa nauli zao, na sikusikia aliyenuna.

Kitu gani hasa kinakula pesa? Jeneza?

Hapana. Ni siku.

Jeneza mnalinunua mara moja. Siku mnazinunua kila asubuhi. Kila siku inayoongezeka ina mochwari yake, mkaa wake, sukari yake, viti na turubai vya kukodi, nauli za vijana wanaotumwa mjini, na wageni wanaolala.

Chukueni mchele peke yake. Kilo moja hulisha watu wazima sita au saba kama mboga inatosha. Msiba wa watu sitini, milo miwili kwa siku, siku tano, ni sahani 600. Hapo mnahitaji kilo tisini na kitu, pamoja na maharage karibu nusu yake, mafuta, vitunguu, nyanya, maji na kuni au mkaa. Mkizika siku ya tatu, sahani ni 360, na mchele ni kilo hamsini na tano hivi. Karibu kilo arobaini zimebaki dukani bila kumnyima mtu hata kijiko. Mkifanya hivyo kwa kila kitu kinachoenda kwa siku, mtakuta tofauti kati ya jeneza la bei nafuu na la bei ya kati imelipwa na tarehe.

Kwa hiyo mtu akiniuliza wapunguze nini, huwa sigusi jeneza wala ng'ombe. Nauliza mnazika lini.

Lakini mtoto wake yuko Ulaya, na tiketi imepatikana ya wiki ijayo.

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na sitawadanganya kwamba lina jibu moja. Mtoto aliyemkosa mama yake kaburini hubeba hilo maisha yote.

Ninachosema ni hiki: gharama ya kumsubiri iwekwe mezani kwa tarakimu, naye mwenyewe aambiwe. "Mdogo wetu, kila siku tunayokusubiri inakula laki mbili na nusu. Uko wapi?" Mara nyingi yeye hajui. Anadhani mwili uko mochwari umetulia na watu wako makwao. Wengine wakisikia hivyo hutuma pesa ya hizo siku, na hapo msubirini kwa moyo mweupe. Wengine husema zikeni, nitakuja kwenye arobaini au nitakuja Desemba niwashe mshumaa. Na kuna njia ya tatu ambayo watu huisahau: wageni waambiwe waende makwao wasilale, turubai lisimamishwe siku mbili kabla ya safari, katikati pale wabaki wa ndani tu na sufuria moja.

Simu ya video siku ya mazishi inasaidia, ila ateuliwe mtu wa kuishika asiye na kazi nyingine, na ajaribu mtandao siku moja kabla. Huko juu mlimani kuna vihamba ambavyo lazima usimame karibu na choo cha nje ndiyo upate intaneti.

Tumzike hapahapa Dar au tumpeleke nyumbani?

Kwa pesa, Dar ni nafuu. Kwa Mchaga aliyezaliwa kihambani, baba yake na babu yake wakiwa wamelala chini ya migomba ileile, mazungumzo hayo huwa mafupi sana. Kilomita mia tano na hamsini hivi hadi Moshi hazitazuia kitu.

Ila ulizeni kama marehemu alisema chochote. Kuna bibi mmoja aliwaambia wanawe wazi kwamba atalala Dar, karibu na wajukuu, kwa sababu kijijini hakuna aliyebaki wa kufyeka majani. Ukoo ulikasirika. Wanawe wakashika neno la mama yao. Na mara hii kutofuata mila ndiko kulikokuwa heshima.

Mkikubaliana nyumbani, amueni pia kama ibada kamili itakuwa moja au mbili. Kuaga Dar kwa turubai kubwa, chakula cha wote, kwaya na spika, kisha kurudia yote Moshi, ni misiba miwili. Napendelea kuaga kufupi: mwili unapita nyumbani au kanisani asubuhi, sala, heshima za mwisho, safari. Wa Dar wanywe chai na maandazi.

Usafiri je?

Gari la mwili likodishwe kwa bei ya kwenda na kurudi iliyoandikwa: mafuta juu ya nani, dereva analala wapi, likiharibika njiani nani analeta jingine. Neno "tutaelewana" lisikubalike. Niliwahi kuelewana namna hiyo na mwenye gari mmoja, na tulipofika Same dereva akadai pesa ya mafuta ambayo sisi tulijua imeshalipwa. Saa saba za usiku, jeneza ndani, wamama wanalia. Tulitoa.

Jambo jingine, kama ni masika, yaani Machi hadi Mei, mpigieni simu mtu wa kijijini aangalie barabara ya mwisho. Lami ya kutoka Dar haina shida. Shida ni ile kilomita moja na nusu ya udongo mwekundu kutoka barabara kubwa hadi kihambani. Kosta ikikwama, wanaoingia kwenye matope ni wamama waliovaa viatu vya msibani. Wapangeni vijana wa kubeba jeneza kutoka mahali ambapo gari litaishia, na lisemwe mapema ili lionekane kama ilivyo kawaida huko juu, kwamba marehemu amepandishwa nyumbani mabegani.

Jeneza zuri ni la namna gani?

Linalomtosha, linaloingia kwenye gari, na linaloingia kaburini. Msicheke. Kipimo cha mwili kichukuliwe mochwari, kisha fundi aseme kipimo cha nje cha jeneza pamoja na vishikio, na hicho ndicho kitumwe kwa wachimbaji. Nimesimama kwenye mazishi ambapo vishikio vya shaba vilikataa kupita. Vijana waliingia tena na majembe, mchungaji akaanzisha wimbo, wimbo ukaisha, akaanzisha wa pili. Ulipofika wa nne mjane akaomba kiti.

Mninga na mkongo ni mbao nzuri na bei yake inajulikana. Mbao nyepesi iliyopigwa randa vizuri na kupakwa vanishi safi haimwaibishi mtu. Kama kijijini kuna seremala anayeaminika, mpeni yeye kazi: bei huwa chini, na mara nyingi alimfahamu marehemu. Lakini mwili unaosafiri unahitaji jeneza tangu Dar, kwa hiyo seremala wa kijijini ni kwa anayefia huko.

Mila zipi tuzishike na zipi tuziache?

Waulizeni wazee wa ukoo wenu, maana Machame, Kibosho, Marangu na Rombo hawafanani kila kitu, na mimi si mzee wa ukoo wenu. Ila kwa upande wa mfuko, nimegundua kwamba mila zenyewe hazina gharama kubwa. Kinachogharimu ni vitu tulivyoviongeza juu yake.

Masale yanaota kwenye mpaka wa kihamba. Jani lake ni la amani na la kuombana msamaha, na kuyapanda pembeni mwa kaburi hakuna anayekudai senti. Ndugu waliokuwa hawasemeshani wakipatanishwa kwa sale kabla mwili haujashushwa, jambo hilo litakumbukwa kuliko maua yote yaliyotoka mjini.

Mjomba apewe taarifa yake kwa heshima, kwa mtu kwenda au angalau kwa kupigiwa simu, asisomee habari kwenye kundi la WhatsApp. Mjomba aliyerukwa anaweza kukaa kimya msiba mzima, halafu akazungumza siku ambayo hamtaki azungumze.

Mbege ni suala la kalenda. Ndizi mbivu zinapikwa, zinaachwa zichachuke siku kadhaa, ndipo uji wa ulezi uliooteshwa unaingia. Msiba wa siku tatu hauwezi kupika mbege yake. Nunueni kwa mama wa kijijini ambaye tayari anayo, agizeni kwa ndoo, na kiasi kiwe cha wazee na cha desturi. Bia za kreti ni za harusi. Najua kuna watakaonuna.

Kuanua tanga ndiko nisikokubali kupunguzwa. Siku ile ya kufagia uwanja, kunyoa kwa wanaonyoa, na ukoo kukaa kusikia nani anamdai marehemu na marehemu anamdai nani, inahitaji chai, chakula cha mchana na subira. Muhtasari wa kikao hicho uandikwe vizuri, wahudhuriaji wasaini, kwa sababu mahakama itauomba pale mtakapomteua msimamizi wa mirathi. Watu hurudi Dar usiku wa mazishi kuwahi kazi, kisha wanakuja kutumia nauli mara tatu kutafuta saini za wazee walewale waliokuwa wamekaa pamoja chini ya mparachichi mmoja.

Kanisa halitatukatalia?

Kaeni na mchungaji au padri kabla ya ratiba kuchapwa, mumwambie mnachotaka kufanya na saa ngapi. Wengi wa Kilimanjaro wamezaliwa kwenye mila hizohizo na wanajua kipi ni cha ibada na kipi cha ukoo. Hakikisheni pia mapema habari za jumuiya na za michango ya marehemu usharikani au parokiani. Ni maneno yanayoudhi kuyasikia ukiwa na msiba, na mimi sina maoni mazuri juu yake, ila kuyajua siku ya kwanza ni nafuu kuliko kuyajua jeneza likiwa mlangoni.

Tunataka mazishi yanayomfanana yeye, si kama ya kila mtu. Tufanyeje bila kuongeza gharama?

Anzeni na wasifu. Wasifu mwingi unaosomwa makaburini ungeweza kuwa wa mtu yeyote: alizaliwa, alisoma, alioa, aliugua, bwana ametoa. Wakalishwe watoto na wajukuu usiku mmoja, kila mmoja aseme kitu kimoja alichokifanya mzee ambacho hakuna mwingine angekifanya. Katibu aandike kwa maneno yao. "Alikuwa anahesabu kuku kila jioni kwa Kichaga na kuwatukana kwa Kiingereza." Sentensi hiyo ilisomwa mbele ya umati, watu wakacheka huku wanalia.

Kisha tafuteni kitu chake kimoja. Kofia, fimbo, futi ya ushonaji, kitabu cha nyimbo kilichokatika jalada. Kiwekwe juu ya jeneza badala ya shada la nne.

Nimeshawahi kumzika mwalimu wa shule ya msingi. Shuleni kwake kengele ilikuwa ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti. Wanafunzi wake wa zamani, wenye mvi sasa, waliiomba kwa mwalimu mkuu, wakaibeba kwa toroli hadi kihambani, wakaifunga kwenye mwembe. Jeneza lilipoanza kushuka, mvulana wa darasa la sita akapewa nondo fupi apige. Hakuambiwa apige mara ngapi. Alipiga tatu, akatuangalia, akapiga mbili, akasimama. Pale uwanjani watu wazima wengi walinyoosha migongo kama wanaoingia mstarini. Gharama yake ilikuwa soda mbili za wenye toroli.

Tisheti zenye picha ya marehemu ziko chini kabisa kwenye foleni yangu. Kama mnataka sare, chagueni rangi ya kanga au kitenge ambacho wengi wanacho nyumbani, na kila mtu ajinunulie.

Chakula cha huko juu kiweje?

Cha huko juu. Sijui nani alianzisha mtindo wa kupandisha mpishi wa mjini na vyombo vyake vya moto hadi kwenye kihamba chenye mikungu ya ndizi inayoning'inia. Ndizi na nyama, kiburu, mtori kwa wazee wasio na meno, makande kama ni Upareni. Akina mama wa jirani wana sufuria za kikundi na wanajua kupika kwa watu mia tatu bila kipimo cha kilo. Mnachowaletea ni mafuta, chumvi, sukari, majani ya chai, sabuni ya kuoshea vyombo, na bahasha ya shukrani siku ya kuondoka. Bahasha hiyo iwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Ng'ombe anunuliwe kijijini na mtu wa kijijini. Mkishuka kwenye gari la Dar kwenda kuulizia bei wenyewe, bei itawasubiri imevaa suti.

Sisi ni Waislamu. Haya yanatuhusu?

Kwa sehemu ndogo, maana ninyi tatizo la siku mmeshalitatua. Maiti anaoshwa, anakafiniwa kwa sanda, vipande vitatu kwa mwanamume na vitano kwa mwanamke, anaswaliwa na kuzikwa mapema iwezekanavyo, mara nyingi siku ileile. Jeneza ni la msikiti na linarudi msikitini. Mnapotumia pesa nyingi ni kwenye hitima na arobaini, na hapo ushauri wangu wa mchele unaingia kama ulivyo.

Hospitali inasema tunadaiwa. Watazuia mwili?

Serikali imekataza mara kwa mara hospitali kuzuia miili kwa sababu ya deni. Ombeni kuonana na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, nendeni na barua ya serikali ya mtaa kama hali ya familia ni ngumu, na muandikishiane namna ya kulipa kidogo kidogo. Aende mtu mtulivu. Deni lenyewe halifutiki kwa kutulia, kwa hiyo liandikwe kwenye daftari la msiba pamoja na mengine.

Rambirambi tuzisimamieje watu wasinung'unike?

Watu wawili wahesabu, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke. Kila bahasha ifunguliwe mbele ya wote wawili, iandikwe jina na kiasi kwenye daftari la kurasa zilizoshonwa, si karatasi za kupepea. Michango ya simu iingie kwenye laini moja tu, na jina linalotokea lilingane na lililotangazwa. Kila jioni orodha itumwe kwenye kundi. Makato ya kutoa pesa yanauma, kwa hiyo lipeni wauzaji moja kwa moja kwa simu kila inapowezekana, na risiti ziwe za kuonyeshwa.

Pesa ikibaki, ni ya mjane au ya watoto, na hilo liamuliwe kikao cha kwanza kabla haijaonekana. Ikionekana ndipo mjadala uanze, kuna mtu atapendekeza kamati ijipongeze kwa mbuzi. Sitanii, nimemla mbuzi huyo, na hadi leo nikikutana na yule mama sokoni naangalia pembeni.

Mwajiri wake au mfuko wa hifadhi watachangia?

Waulizeni siku ya kwanza, kwa sababu baadhi ya waajiri hutoa jeneza au gari, na mkishalipia wenyewe kurudishiwa ni shughuli. Ulizeni pia kama mfuko aliochangia una msaada wa mazishi. Chama cha ushirika, kikundi cha kufa na kuzikana, VICOBA: tafuteni kadi zake kwenye droo. Nanyi mlioajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawapa angalau siku 4 za likizo yenye malipo mnapofiwa na mwenza, mzazi, mtoto, babu au bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa. Barua iandikwe kabla ya safari.

Kaburi lijengewe lini?

Si lazima wiki hiyo. Udongo uachwe ukae, masika moja ipite, ndipo saruji na nondo. Mkijenga haraka kwa pesa ya mkopo, udongo unatitia na marumaru inapasuka. Msalaba wa mbao wenye jina na tarehe zilizoandikwa sawasawa unatosha kwa mwaka wa kwanza. Tarehe zikaguliwe na mtu wa pili. Nimeona msalaba unaosema mzee alizaliwa baada ya mtoto wake wa kwanza.

Baba yuko hai na anataka kuyapanga haya mwenyewe. Si uchuro?

Wengi wananyamaza hapo, wanabadilisha mazungumzo au wanamwambia baba utaishi miaka mia. Mimi naomba mkae naye. Leteni chai, daftari, mumuulize mambo machache: wapi, nyimbo gani, nani asome wasifu, nani asishike pesa.

Mama yangu alinifanyia hivyo. Aliniita jikoni akiwa anamenya ndizi, akaniambia niandike. Nyimbo mbili. Kanga ya kijani ya kumfunika, iko chini kabisa kwenye sanduku la bati. Azikwe siku ya tatu, anayechelewa achelewe. Asipikiwe mtu pilau. Nikamuuliza kwa nini pilau, akasema pilau ya watu wengi haiivi sawasawa, na hataki watu waondoke nyumbani kwake wakisema chakula kilikuwa kibichi. Halafu akaniuliza nimeandika namba za hizo nyimbo au nimeandika majina tu.

Nilikuwa nimeandika majina tu. Akanituma nikalete kitabu.